UZI: Ayala mdogo wa Ulaya na ndege wa gramu tisa anayekuja kwetu Katanga

MwalimuKasapa

Jambo kwenu wote. Wanafunzi wa biolojia hapa Lubumbashi hupewa mara kwa mara kazi ya kulinganisha mnyama mmoja na ndege mmoja, na wengi hujaza jedwali tu: huyu ananyonyesha, yule anataga, huyu ana kwato, yule ana mabawa. Jedwali kama hilo halionyeshi kitu. Tuchukue viumbe wawili wa msitu mmoja wenye tatizo moja, tuone kila mmoja analitatuaje.

Wa kwanza ni ayala mdogo wa Ulaya, Capreolus capreolus, ambaye vitabu vyetu vya Kifaransa humwita chevreuil. Wa pili ni Phylloscopus trochilus, pouillot fitis, ndege mla wadudu mwenye rangi ya kijani iliyofifia. Wote wawili huzaa katika misitu michanga ya mierebi na mibetula kule Ulaya, na tatizo lao ni majira ya baridi.

Ayala mzima ana kilo 20 hadi 30, na bega lake liko sentimita 65 hadi 75 kutoka chini. Mtu wa Katanga amweke kati ya nsya na pongo. Ndege ana gramu 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 11 au 12, mkia ukiwemo. Mizani ikibeba ayala mmoja wa kilo 25, upande wa pili itahitaji ndege zaidi ya 2,700.

Sasa, mtu angedhani mkubwa ndiye mwenye akiba ya mafuta na mdogo anaishi kwa anachokipata leo. Ni kinyume kabisa. Ayala huyu hubeba mafuta kidogo sana akilinganishwa na ayala mkubwa, Cervus elaphus. Ndege ndiye anayenenepa: kabla ya kuvuka Sahara hufikia gramu 12 au 13, yaani karibu theluthi moja ya mwili wake ni mafuta. Ayala yeye anaweka akiba ya wakati, kwa kuisimamisha mimba. Naomba tulijadili hilo, pamoja na yanayotokea mipango hiyo ikiharibika.

Kamalondo_JP

Aksanti Mwalimu. Kabla hatujaenda mbali tulimalize suala la jina, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Kamusi nyingi zinatafsiri «cerf» kuwa kulungu, na kulungu kwa watu wengi ni pongo, mnyama wa vichakani huku kwetu. Neno «ayala», lile la Zaburi ya 42, ni salama zaidi. Afrika kusini ya Sahara haina ayala wa asili hata mmoja. Bara zima lina mmoja tu, yule wa milima na misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia, naye ni wa jamii ya ayala mkubwa.

Tofauti inaonekana kwenye fuvu. Chukua fuvu la palahala lililokauka: pembe ina mfupa katikati na ala ngumu nje yake, ya kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Ikikauka vizuri ala inachomoka kama kofia na mfupa unabaki wazi. Pembe hiyo haidondoki maisha yake yote. Pembe ya ayala haina ala. Ni mfupa mtupu toka shina hadi ncha, inadondoka kila mwaka, na nyingine inaota mahali palepale. Nsya, pongo, palahala na mbuzi wa nyumbani wako upande mmoja, ayala upande mwingine. Mwanafunzi akiandika «swala wa Ulaya» amekosea ukoo mzima.

MwalimuKasapa

Sahihi kabisa. Niongeze mzunguko wa pembe, kwa sababu unahusu baridi moja kwa moja.

Dume wa ayala mdogo hudondosha pembe kati ya Oktoba na Desemba, na mpya huanza kuota papo hapo, katikati ya msimu wenye njaa. Ayala mkubwa hudondosha mwishoni mwa baridi na kuotesha wakati majani yamejaa. Mdogo anafanya hivyo kwa sababu anaanza kulinda eneo lake majira ya kuchipua, na msimu wa kupanda ni katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Silaha lazima ziwe tayari mapema.

Pembe ikiota imefunikwa na ngozi laini kama mahameli, yenye mishipa ya damu na joto lake. Machi na Aprili mfupa umekomaa, damu inakatika, na dume anaikwangua ngozi ile kwenye miti michanga, unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono. Inabaki pembe ya sentimita 20 hadi 25, yenye ncha tatu kila upande kwa dume aliyekomaa, na kwenye shina kuna taji la vinundu kama shanga zilizobanana.

Hitilafu inayofundisha kuliko zote ni hii: dume akijeruhiwa korodani, kwa mfano kwenye waya wa uzio, homoni inapungua na pembe inakosa amri ya kukomaa. Ngozi haidondoki, mfupa hauachi kuota, na kichwani panatokea rundo la nyama na mfupa ambalo Wafaransa huliita perruque. Linaweza kushuka mpaka kufunika macho, inzi wanataga humo, na mnyama anakufa. Kwa hiyo pembe tunayoiona safi ni kazi ya homoni iliyofika kwa wakati wake.

RuashiBio

Nichukue suala la mimba, maana ndilo kiini cha ayala huyu.

Yai linarutubishwa Julai au Agosti. Likigawanyika siku chache za mwanzo linakuwa kidonge cha seli, na hapo linapunguza mwendo. Halijipachiki kwenye ukuta wa mji wa mimba. Linaelea humo miezi minne hadi mitano, udogo wake kama punje ya mchanga, mpaka mwisho wa Desemba au Januari. Kisha linarefuka ghafla, linajipachika, na kukua kwa mwendo wa kawaida kwa miezi mitano hivi. Watoto huzaliwa Mei na Juni, mara nyingi wawili, kila mmoja takriban kilo moja na nusu. Ukihesabu yote, mimba ni kama miezi kumi, ambayo ni mingi mno kwa mnyama wa kilo 25.

Hesabu ya upande wa pili: kama kusingekuwa na kusubiri, mtoto angezaliwa Desemba au Januari, kwenye theluji, mama akiwa hana majani ya kutengenezea maziwa. Na kama wangepandana Desemba ili wazae Mei, madume yangepoteza nguvu kwa kupigana wakati chakula ni kidogo kuliko wakati wote. Kusubiri kunawaruhusu wapandane wakiwa wameshiba na wazae kukiwa na majani.

Kosa la kuepuka: usiandike kwamba kiinitete kimelala usingizi. Watafiti wa Zürich walionyesha mwaka 2021 kwamba seli zake zinaendelea kugawanyika, ila polepole mno, mara moja kila wiki mbili au tatu. Kati ya wanyama wote wenye kwato zilizogawanyika kwa shufwa (ng'ombe, mbuzi, nguruwe, twiga na wengine), jenasi yake, Capreolus, ndiyo inayojulikana zaidi kwa utaratibu huo.

MamaKatuba

Aksanti ba mwalimu. Mie niko na swali. Kale kandege kanafikaka mupaka huku kwetu Lubumbashi, ao kanaishiaka kule kwa Sahara? Na kakifika, kanaimbaka ao kananyamazaka tu?

MuputuMbili

Mama, kanafika kabisa, na kanaimba.

Ndege hawa wamegawanyika katika makundi matatu. Wa Ulaya magharibi hubaki zaidi Afrika magharibi. Wa Skandinavia kaskazini na Urusi hushuka Afrika ya kati, mashariki na kusini, na hao ndio tunaotarajia kuwapata katika miombo yetu. Kundi la tatu, la Siberia mashariki, husafiri hadi kilomita 13,000 kwenda tu, likifikia Afrika mashariki na kusini. Kutoka kaskazini mwa Sweden hadi Lubumbashi kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 8,600, na ndege hapiti mstari ulionyooka.

Wanaingia Septemba mwishoni na Oktoba, wanaondoka Machi na Aprili. Angalieni jinsi tarehe hiyo inavyokaa vizuri na miti yetu. Miombo hutoa majani mapya, yale mekundu na ya rangi ya shaba, kabla mvua haijanyesha. Majani machanga ni laini, viwavi na vidukari vinayajaa, na mgeni anafika meza ikiwa imetandikwa.

Namna ya kumtambua, kwa utaratibu ninaoushauri:

Sikiliza kwanza. Mlio wake wa kuitana ni silabi mbili zinazopanda, «hu-iit», laini, kama swali. Wimbo ni mlolongo wa noti zinazoanza juu na kuteremka zikififia, kama maji yanayomwagika ngazi kwa ngazi, sekunde tatu hivi. Novemba anauimba nusunusu. Kuanzia Februari, safari ikikaribia, utausikia mzima.

Kisha tazama uso. Kuna mstari mrefu wa manjano iliyopauka juu ya jicho, na mwingine wa giza unaopita kwenye jicho lenyewe. Kama jicho limezungukwa na duara jeupe, huyo siye, ni mkazi wetu wa jamii ya Zosterops. Miguu ni ya rangi ya ngano au waridi hafifu. Mdomo ni mwembamba kama kibano. Kuna mgeni mwingine wa Ulaya anayefanana naye, Hippolais icterina, lakini yule ni mkubwa zaidi, mdomo wake mpana una rangi ya chungwa upande wa chini, na manyoya yakiwa mapya bawa lake lina baka la rangi hafifu.

Mwisho tazama tendo. Huyu hatulii. Anaruka kutoka jani hadi jani kwenye ncha za matawi, anadonoa upande wa chini wa jani, mara anapepea hewani kwa sekunde moja kumnasa mdudu, huku akichezesha bawa na mkia. Mtafute ndani ya kundi la ndege mchanganyiko, maana hufuatana na wenyeji. Ukipata kundi moja chini ya mti wa mutondo uliochipua, simama dakika kumi usiendeendee. Ukimkimbilia utaona mkia tu.

Vijana wa mwaka huo wana tumbo la manjano kuliko wazazi wao, na wale wa kaskazini kabisa wamepauka zaidi, karibu kijivu. Usimkatae ndege kwa sababu ya rangi peke yake.

MamaKatuba

Nimesikia vizuri. Njo ile inasemaka hu-iit mu miembe asubui! Batoto banakamataka tule tundege na ulimbo.

MuputuMbili

Hilo la ulimbo, mama, tafadhali wakatazeni, hasa kuanzia Desemba hadi Februari. Katika miezi hiyo ndege huyu anabadilisha manyoya yote, ya mwili, ya bawa na ya mkia. Na hii ni ajabu kwa ndege: wengi hubadilisha yote mara moja kwa mwaka, yeye mara mbili, mara ya kwanza kule kaskazini baada ya kulea watoto na mara ya pili huku. Ukimwona Januari na pengo katikati ya bawa, si ugonjwa. Manyoya machanga yana damu ndani ya bua lake. Ulimbo ukiyang'oa, damu inatoka, na kwa mwili wa gramu tisa tone chache ni nyingi. Hata akipona, bawa lenye pengo halimvushi Sahara mwezi wa nne.

Akishanaswa, usivute. Mwagia unga kwenye ulimbo uliobaki wazi ili usizidi kushika, kisha lainisha palipogandia kwa mafuta ya kula, tone moja moja, kwa pamba. Mafuta yasienee mwilini, maana unyoya wenye mafuta hauhifadhi joto.

Kampemba_K

Swali kwa Mwalimu. Kama ayala mdogo habebi mafuta, na hahami, anakula nini Januari? Mbona ng'ombe anaweza kuishi kwa nyasi kavu na majani ya mahindi yaliyokauka?

MwalimuKasapa

Kwa sababu wote wanacheua lakini matumbo yao si sawa. Mjerumani Reinhold Hofmann aliwapanga wanyama wanaocheua kwa tabia ya kula. Upande mmoja wako wala nyasi kama ng'ombe, wenye tumbo kubwa la kwanza linalokaa na nyuzinyuzi muda mrefu. Upande mwingine wako wachaguaji, na ayala mdogo ni mfano wake bora: tumbo la kwanza ni dogo, chakula kinapita haraka, kwa hiyo anahitaji kitu laini chenye nguvu na anakula vipindi vingi, mara nane hadi kumi na moja kwa siku, akicheua katikati. Nsya wetu naye ni mchaguaji.

Baridi ikija anakula machipukizi, majani ya miiba inayobaki kijani, mitambaazi inayopanda miti na ncha za misonobari. Anapunguza mwendo, anatumia nguvu kidogo, na vinyweleo vya ndani ya tumbo, vile vinavyonyonya chakula, vinakuwa vifupi. Ni mwili unaojipunguza kulingana na meza.

Hapo wema wa watu huua. Theluji ikiwa nyingi, mtu anamwonea huruma, anamwaga mahindi au mikate. Ayala anakula akishiba. Vijidudu vya tumboni vilivyozoea matawi vinakutana na wanga mwingi kwa ghafla, asidi inapanda, kuta za tumbo zinaungua, na mnyama anakutwa amekufa tumbo likiwa limejaa nafaka. Mfugaji wa mbuzi hapa kwetu anajua jambo hilohilo: mbuzi akivunja mlango wa ghala na kula unga wa mahindi, asubuhi amevimba.

Ndege hana njia hiyo. Mdudu akikosekana, amekosekana. Hakuna chipukizi la kumbadilishia. Na mwili mdogo hupoteza joto haraka, kwa sababu ngozi ni nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 au 42, la ayala ni 38 au 39. Gramu tisa zikae kwenye usiku wa saa 18 bila chakula? Haiwezekani. Kuondoka kwake ni lazima.

RuashiBio

Kuna mahali wanapokutana kabisa, na sijaona mtu akiandika: wote wawili huwaficha watoto chini, kwenye majani marefu, Mei na Juni.

Kiota cha ndege huyu ni kitu cha kutazamwa kwa makini. Jike peke yake anakifuma kwa majani makavu na mimea midogo laini inayoota kwenye magome ya miti (mousse), kina paa, na tundu liko ubavuni, upana wa sarafu kubwa. Ndani kumetandikwa manyoya. Kiko chini ya shina la kichaka au ndani ya kishungi cha nyasi, na ukisimama hatua moja kutoka hapo unaona nyasi zilizolala tu. Mayai ni matano hadi saba, meupe yenye vitone vyekundu. Jike anaatamia siku 13 hivi, na makinda yanakaa kiotani muda kama huo.

Mtoto wa ayala hana paa. Ana madoadoa meupe yanayofanana na mwanga uliopenya majani, harufu yake ni ndogo, na akisikia hatari hakimbii, anajilaza bapa. Mama huwaweka mapacha mahali tofauti, ili mbweha akimpata mmoja asimpate mwingine.

Kujilaza kunamsaidia dhidi ya mbweha. Kunamuua mbele ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu mashine haidanganywi na utulivu. Kazi inayofanyika Ujerumani na Uswisi ni hii: siku ya kukata, alfajiri kabla jua halijapasha ardhi, wanarusha droni yenye kamera ya joto. Mtoto anaonekana kama doa jeupe kwenye shamba baridi. Jua likishapanda, mawe na vichuguu vya fuko navyo vinang'aa na kazi imekwisha. Anayemwondoa hamshiki kwa mikono mitupu. Anamwinua kwa mafungu ya nyasi na glavu, ili harufu ya mtu isimshike, anamweka ndani ya kreti kivulini ukingoni, na kumwachia palepale mara mashine ikimaliza. Akisahauliwa ndani ya kreti hadi jioni, anakosa kunyonya.

Kiota cha ndege droni haikioni. Joto lake ni dogo na paa linalifunika.

MuputuMbili

Na huko kwenye nyasi ayala mwenyewe ni tatizo kwa ndege. Si kwamba anamla. Anakula nyumba yake.

Ulaya kuna mashamba ya miti ambayo tangu zamani hukatwa kwa zamu: mti unakatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua fimbo nyingi, baada ya miaka kadhaa zinakatwa tena. Miaka michache baada ya kukata, kunakuwa na kichaka kizito, na ndege wanaopenda vichaka hujaa humo. Ayala naye anapenda machipukizi hayohayo. Wakiwa wengi, kila kitu cha chini ya mita 1.2 kinaisha: ukiinama unaona msitu mzima toka upande huu hadi ule, na juu yake majani yameanza kwa mstari kama uliopimwa kwa kamba. Bradfield Woods, Suffolk, Uingereza, walizungushia uzio vipande vya msitu na kuacha vingine wazi. Rossignol, ndege mwingine mhamiaji, walichagua zaidi vipande vyenye uzio, maana humo kichaka kilikuwa kizima.

Uzio wa ayala mdogo huhitaji mita 1.5 kwenda juu, na sehemu ya chini ibanwe ardhini, kwa sababu huyu anapenda kupenya chini kabla ya kuruka. Kosa la kawaida ni kujenga uzio baada ya machipukizi kuliwa mara mbili tatu. Kisiki kilichoishiwa akiba mizizini hakichipui tena, hata ukikizungushia ukuta.

Kamalondo_JP

Hapo umegusa Katanga yenyewe. Miombo inayokatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, nayo inachipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Kwetu hakuna ayala wa kuyala machipukizi, ila kuna moto.

Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, walianza mwaka 1933 jaribio la kuchoma vipande vya miombo kwa nyakati tofauti. Kipande kilichochomwa mapema kila mwaka, Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, kilibaki msitu. Kilichochomwa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, miti yake ilipungua mpaka kikawa mbuga ya nyasi. Kilicholindwa moto kabisa kilizidi kuwa kizito. Sababu ni ileile ya kisiki: moto wa Oktoba ni mkali, na unakuta miti imetoka kutumia akiba yake kwa majani mapya. Unachoma majani na viwavi wake wiki ileile wageni wetu wanapofika.

Kwa hiyo mwenye shamba la miti ya makala nje ya jiji afanye hivi: akate kisiki kwa mshazari ili maji yasisimame, kimo cha goti au chini yake, achome ukingo wa shamba mapema, mwezi wa tano, upana wa mita tano hadi kumi, kuzuia moto wa baadaye, mwaka wa pili au wa tatu achague fimbo mbili au tatu zenye afya kwa kila kisiki na kuondoa nyingine. Vichaka vya mita mbili hadi tano vinavyotokea hapo katikati ndivyo ndege huyu anavyotumia.

Kampemba_K

Na hali ya hewa ikibadilika? Mmoja anazaa kwa kalenda aliyoipanga mwaka uliopita, mwingine yuko kilomita elfu nane.

RuashiBio

Swali zuri, na majibu yapo kwa sehemu. Katika msitu wa Trois-Fontaines, Champagne, Ufaransa, watafiti walifuata kuzaliwa kwa ayala kwa miaka 27. Majira ya kuchipua yalizidi kuja mapema. Tarehe ya kuzaa haikusogea, ilibaki katikati ya Mei. Watoto wakazaliwa nyuma ya majani bora, na wachache zaidi wakafika mwaka mmoja. Ule mpango wa kusubiri tumboni ulimwokoa na theluji, lakini ulimfunga kwenye tarehe. Joto la Aprili haliwezi kuharakisha mimba iliyokwisha pangwa toka Julai.

Ndege naye ana saa ndani yake. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wa spishi hiihii katika chumba chenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, siku zote sawa. Bado walibadilisha manyoya na kuanza kuhangaika usiku, kama wanaotaka kusafiri, kwa mzunguko wa karibu mwaka mmoja. Matokeo aliyatoa mwaka 1967. Saa hiyo anaihitaji hasa akiwa kwetu: tofauti ya mchana mrefu na mfupi kabisa Lubumbashi ni kama saa moja na dakika 20, kwa hiyo mwanga unamwambia kidogo tu, na Sweden inafanyaje mwezi wa tatu hana habari. Hata hivyo yeye ana nafasi ya kurekebisha njiani: akikuta joto Ulaya kusini anaongeza mwendo, na sehemu nyingi wanawasili mapema kuliko miongo iliyopita. Ayala hana njiani.

Tahadhari moja kwa wanaoandika kazi: kupungua kwa ndege hawa kusini mwa Uingereza, ambako kumekuwa kukubwa, msikuhusishe na miombo yetu. Wale ni wa Afrika magharibi.

Kampemba_K

Basi darasa likitaka kuwahesabu mwezi wa kumi na moja, lifanyeje?

MuputuMbili

Chagueni njia moja ya kilomita mbili, nusu kwenye miombo na nusu kwenye miembe na vichaka vya kandokando ya mji. Wekeni vituo kumi, kila kimoja mita 200 kutoka kingine, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Anzeni jua likichomoza, mmalize ndani ya saa tatu. Kila kituo: dakika mbili kimya bila kuandika, ndege wasahau kufika kwenu, kisha dakika kumi za kuhesabu. Andikeni tofauti waliosikika na walioonekana, aina ya mti, na kama una majani mapya au ya zamani. Darubini ya 8x inatosha. Mvua ikinyesha au upepo ukitikisa matawi, ahirisheni, kwa sababu «hu-iit» haisikiki na mtaandika sifuri isiyo ya kweli. Msipige wimbo wake kwenye simu kumwita. Anaacha kula na kuja kutafuta mpinzani asiyekuwepo. Rudini njia ileile kila wiki mbili hadi Aprili, watu walewale kama inawezekana, maana masikio mapya hubadilisha hesabu kuliko ndege wenyewe.